Tukilipia shoo ya laivu tupewe laivu, na saa iandikwe ya kweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu, limenikaa rohoni toka mwezi uliopita na kila nikimsimulia mteja pale kwenye cherehani ananijibu "ah mama, si ndo shoo za siku hizi hizo", na jibu hilo ndo linaniuma kuliko hata hela yangu iliyokwenda. Yaani tumeshazoea. Mtu analipa, anasimama usiku kucha, anarudi nyumbani miguu imevimba na hakuna alichokisikia ambacho hakukisikia kwenye redio ya daladala, alafu anasema ndo zilivyo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika, muziki naupenda toka mdogo, sio wa kuambiwa. Mtoto wa dada yangu nakaa naye, ana miaka 19, alinibembeleza wiki mbili nimpeleke shoo ya msanii anayempenda sana. Jina la msanii silitaji wala la promota wala la uwanja, nia yangu sio kumchafua mtu. Kiingilio cha kawaida 20,000, VIP 50,000. Nikakata mbili za kawaida kwa simu, 40,000, ambayo kwangu ni magauni mawili ya kitenge na mapazia ya kupinda juu yake. Nililipa kwa moyo mweupe kabisa kwa sababu tangazo lilisema kuanzia saa 12 jioni na lilisema laivu na bendi. Hilo neno bendi ndo lililonipeleka, nilitaka mtoto aone gitaa linapigwaje.

Tumefika saa 12 na nusu nikijua tumechelewa. Kumbe geti halijafunguliwa. Tumesimama pale nje mpaka saa 2 na ushee, nyomi linazidi tu, na lilipofunguliwa likafunguliwa moja, la upana wa kupita watu wawili, wenye tiketi na wasio na tiketi wote hapohapo, mabaunsa wanarudisha watu nyuma, walio nyuma wanasukuma kwenda mbele na katikati ndo sisi. Mbele yangu kulikuwa na binti mfupi, wa miaka 16 au 17 hivi, akawa hahemi vizuri, kainua kidevu juu anatafuta hewa, mkono mmoja umeng'ang'ania ushungi wangu kwa nguvu mpaka pini ikaninasa shingoni. Nikamwambia mwanangu kunja mikono kifuani usiishushe, nenda na watu wanakokwenda usishindane nao, tutatoka tu. Tulitoka. Kiatu kimoja cha yule binti kilibaki hukohuko na nilimwona baadae ndani anatembea peku. Mhariri wakati ule mimi nilikuwa nawaza Kinshasa, ile Oktoba 2022 Uwanja wa Martyrs kwenye shoo ya mwanamuziki Fally Ipupa, watu 11 walikufa kwa msongamano. Wale nao walitoka majumbani kwao wamependeza wanaenda kusikiliza muziki. Geti la pili ni bei gani? Kufungua mapema na kupanga watu mistari ni bei gani?

Ndani hamna pa kukaa, sawa, ya kawaida ni ya kusimama hilo nililijua. Maji ya chupa ndogo 2,000 na huruhusiwi kuingia na yako. Choo cha kina mama foleni yake ilikuwa inazunguka nyuma ya jukwaa lote. Jukwaani DJ anapiga nyimbo, MC anasema "mpo tayari?", tunasema tupo, anasema "anakuja!", DJ anapiga nyimbo tena. Saa 3, saa 4, saa 5. Chipukizi wakapanda wawili watatu, wametokwa jasho watoto wa watu wamejitahidi na nawapongeza kwa dhati, mmoja aliimba bila biti kabisa baada ya mtambo kukata na sauti yake ikafika mpaka tulipokuwa sisi, wakamshusha kabla hajamaliza. Saa 6 usiku kuna mama alikuwa na mtoto wa miaka kama mitano amelala begani, akanambia dada mi naondoka, nimemuahidi mwanangu atamwona ila ndo kashalala. Akaondoka, 40,000 yake imekwenda bure.

Mwenyewe kapanda saa 9 kasoro robo. Saa 9 usiku!

Na hapa ndo nataka wasomaji wanielewe. Watu walipiga kelele kwa furaha, na mimi nilipiga, uchovu wote ulinitoka. Moshi umefuka, taa zimewaka, wacheza shoo wanane wameingia. Bendi sikuiona. Nikasema labda iko nyuma ya moshi. Moshi umeisha, kuna meza ya DJ na laptopu. Wimbo wa kwanza ukaanza na sauti yake ikatoka safi kabisa kama kwenye redio, kila neno, kila pumzi, na kipande kile kinachoitikiwa na sauti tatu tatu zote za kwake kikatoka vilevile na yeye yuko mmoja. Alafu akainama kumpa mkono shabiki mmoja wa mbele, maiki ameishusha mpaka pajani, na sauti inaendelea kuimba. Maiki iko pajani Mhariri! Nimeiona kwa macho yangu, na kama mistari miwili mizima hivi, akanyanyuka, akairudisha mdomoni akasema "mikono juu". Kwa usiku mzima maneno niliyoyasikia yanatoka kwenye koo lake pale pale ni hayo, mikono juu, na kelele kwa Dar es Salaam, na kutaja majina ya watu wa VIP. Nyimbo nne, dakika 25, kwisha.

Mtoto wangu alikuwa amenyanyua simu anarekodi. Akaishusha katikati ya wimbo wa tatu. Akanigeukia akasema "mamdogo, mbona hata kwenye simu ni hivihivi?" Sikuwa na la kumjibu. Bajaji kutoka pale mpaka Tandika usiku ule 15,000, nayo tuliipata kwa kugombea, na njia nzima hakusema neno.

Siku tatu baadae kijana mmoja anayefanya kazi ya kufunga spika kwenye mashoo alileta suruali nimpunguzie, nikamuuliza. Akanielewesha vizuri bila kuficha. Kuna msanii anayeletewa biti tupu, yaani muziki bila sauti, anaimba mwenyewe juu yake, huyo anafanya kazi, akikosea unasikia amekosea. Kuna anayewekewa biti na sauti za waitikiaji, yeye anaimba sauti kubwa. Na kuna anayekuja na flashi ina wimbo mzima kama ulivyotoka studio, maiki inafunguliwa kidogo tu ili akipiga kelele isikike. Hiyo ya mwisho ndo plebeki yenyewe. Akasema mama, kuweka bendi ni mazoezi wiki nzima, ni kufika uwanjani mchana kupima sauti, kila chombo na waya wake, kila mwanamuziki na spika yake ya kujisikia, wakati flashi unachomeka dakika moja kabla.

Nimemwelewa na gharama naielewa, sio kwamba nadai tu. Baba yangu alikuwa kuli wa bandarini na mama muuza vitumbua, na Jumamosi ikifika baba anapiga pasi suruali yake mwenyewe, hamruhusu mtu, wanakwenda dansi ukumbi wa DDC Kariakoo. Baba alikuwa Sikinde wa kufa, mama alikuwa Msondo, na ubishi wa nani zaidi ulikuwa unaanza kwenye chai ya asubuhi. Lakini bendi zile zilikuwa na wenyewe. Msondo ilianza 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, chama kikibadili jina na bendi inabadili, ikawa Juwata, ikawa OTTU, watu wakabaki na Msondo. Mlimani Park, ndo hiyo Sikinde ya baba, ilianza 1978 na baadae ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Vijana Jazz walikuwa wa umoja wa vijana, Polisi na JKT nao na bendi zao. Vyombo vilinunuliwa na shirika, mpiga tarumbeta ana mshahara kama karani, kwa hiyo mazoezi anafanya, na wiki nzima anapiga kumbi tofauti mpaka vidole vinajua njia vyenyewe. Msanii wa leo hana shirika nyuma yake, ana simu, ana meneja na promota. Watu kumi wa bendi wasafiri, wale, walale, walipwe, ni mzigo. Hata tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, kubwa vile, mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Kwa hiyo mtu akiniambia sina uwezo wa bendi mimi namwelewa kabisa, ila asiandike bendi kwenye tangazo.

Na kwa kuwa nimelitaja Busara wacha niseme. Mwaka juzi shoga yangu wa Mwera alinialika Unguja mwezi wa pili, tukaenda wote Ngome Kongwe. Tamasha lile lipo toka 2004 na sharti lao ni moja, ukipanda unapiga laivu, hamna flashi. Wabongo tunalipa kiingilio cha chini kuliko wageni, jambo zuri sana hilo. Ratiba imeandikwa nani saa ngapi, na walipanda kwa saa zao, mpaka mimi niliyezoea ya kwetu nilimkosa wa kwanza kwa sababu nilikuwa Forodhani nakula urojo nikijua bado bado. Usiku ule walipanda watu wa taarabu asilia, fidla zimekaa mstari, kuna udi wa nyuzi, kuna filimbi ya nai, kuna akodiani, na mzee mmoja na ganuni yake ya nyuzi nyingi mapajani, akawa anairekebisha nyuzi kwa ule ufunguo mdogo huku wenzake wameshaanza, sikio ameliinamisha karibu liguse mbao. Zile kuta za mawe zinairudisha sauti taratibu. Hakuna aliyetuambia mikono juu. Watu wakawa wanakwenda wenyewe mbele kutunza, wanacheza polepole, noti mkononi, wanaiweka, wanarudi. Jukwaa hilohilo ndo marehemu Bi Kidude alikuwa anapanda na umri wake ule, na alipofariki Aprili 2013 watu walikuwa wanamsimulia kwa sauti ile nzito iliyokwaruza, ndo kilichobaki masikioni mwa waliokuwepo. Sauti ya mtu ikiwa na mikwaruzo ndo yake hiyo.

Sasa baada ya ile aibu nilimwambia mwanangu twende Jumapili nikakuoneshe kitu. Kuna ukumbi wa baa huku Temeke bendi ya dansi inapiga kila Jumapili kuanzia saa 10 jioni, bendi siitaji nisije nikaonekana nimelipwa kutangaza. Kiingilio 5,000. Alikuja kwa kunisitiri tu, nilimwona, kakaa na simu yake. Wanamuziki tisa, wengine wana mvi, mwimbaji mmoja kijana. Saa 10 na dakika kumi mpiga drams kagonga vijiti mara nne na wameanza.

Wimbo wa tatu au wa nne hivi, wako katikati ya sebene, kile kipande cha magitaa cha kuchezea, watu wamejaa kati wanaserebuka, kamba ya gitaa la solo ikakatika. Ilisikika, paa. Mwanangu akanyanyua kichwa. Basi mzee wa solo hakushtuka, alimtazama tu mwenzie wa ridhimu, ridhimu akaingia palepale alipoachia yeye akabeba, besi akakaza, mpuliza domo la bata, yaani saksafoni, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti anajifuta jasho akanyanyuka akajaza lile pengo, na mzee kainama kwenye begi lake akatoa kamba mpya, anaivisha, anaikaza, anaigonga na kidole huku sikio liko kwenye wimbo, mguu wake haujaacha kupiga chini. Hata dakika tatu sidhani zilifika. Akarudi na kipande ambacho mimi kwenye kanda ya wimbo ule, na naujua toka utoto, sijawahi kukisikia, alikitengeneza palepale. Ukumbi wote uliruka. Kuna baba mmoja mnene wa meza ya jirani alikwenda kumbandika noti kwenye paji la uso huku analia machozi, kabisa, machozi.

Mwanangu alikuwa amesimama juu ya kiti. Simu iko mezani.

Hiyo ndo ninayoita laivu Mhariri. Hata sio lazima iwe bendi ya wazee. Wapo vijana wa bongo fleva wanaoimba kwelikweli, nimewahi kumwona binti mmoja na mpiga gitaa mmoja tu na kangoma kamoja ka kugonga, walituweka kimya watu mia mbili wakati huo nje kuna pikipiki. Na aliyekuja na biti tupu akaimba kwa koo lake namhesabu yumo. Ninachogomba ni kuuziwa neno ambalo halimo ndani ya mfuko, kama mimi niuze suti ya kitambaa cha sufu kumbe ni polista, mteja akijua atanirudishia na ana haki.

Basi ninachoomba ni vitu vidogo. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lipo kwa sheria ya mwaka 1984 na ndo linalotoa vibali vya matamasha, maafisa utamaduni wa wilaya nao wapo. Anayeomba kibali aseme na iandikwe kwenye tangazo kwa herufi zinazosomeka, msanii anaimba na bendi, au anaimba juu ya biti, au ni plebeki. Mwenye kupenda plebeki aende, wapo, wanataka kumwona tu mtu wao na kucheza, ruksa. Na saa ziandikwe mbili, saa ya geti kufunguliwa na saa ya mhusika mkuu kupanda, zikipita kwa saa nzima mtu awe na haki ya kurudishiwa chake kwa simu ileile aliyolipia, mbona kuchukua iliweza. Mechi ya ligi ikiandikwa saa 10 watu wanapanga kazi zao, wanapanga na usafiri wa kurudi, kwa nini muziki ndo uwe wa kushinda unasubiri kama hospitali? Mtu wa Mbagala, wa Gongo la Mboto, anatoka shoo saa 10 alfajiri anapita wapi na binti yake? Wanawake wengi tumeacha kwenda kwa ajili hiyo moja. Na mageti yahesabiwe kabla kibali hakijatoka, mtu aende akayaone kwa macho, asisome kwenye karatasi.

Kwa wasanii wenyewe, wanangu, na wengi wenu ni umri wa watoto wangu kweli. Tunawapenda na hela tunawapa. Ukikosea noti jukwaani hatukuchukii, ukikaukiwa sauti tutakuimbia sisi, mbona nyimbo zenu tunazijua. Kijana wangu angekusikia umekosea neno moja angekwenda anasimulia mwaka mzima kwamba alikuwepo.

Yeye kwa sasa kapata lake. Ile Jumapili bendi ilipopumzika alijisogeza kwa mpiga besi, akamwamkia, akamuuliza nyuzi zile mbona ni nene, yule mzee akauvua mkanda wa besi begani kwake akamvisha yeye. Alirudi mezani ananionesha ncha za vidole nyekundu. Siku hizi Jumatano anakwenda mazoezini kwao anabeba spika na kukunja waya ili akae awaangalie, na juzi kaniomba nimshonee mkanda wa gitaa wa kitambaa cha jinzi, gitaa lenyewe hana bado. Nimeushona nyuzi mbili mbili ili usije ukaachia.

Wako msomaji wa kila siku,
Mama Fundi,
Tandika, Dar es Salaam